Divai Chini ya Paa la Mabati

Kurasa hizi za nyumbani zimekwisha kutufunza namna ya kuweka mahindi yasiingie fukusi, namna ya kuweka samli isichache, na namna ya kukausha samaki asiote ukungu. Juu ya divai sijasoma neno. Labda waandishi wetu wanadhani kwamba divai ni jambo la mahoteli ya Kampala na nyumba za mabalozi, na kwamba mtu alalaye chini ya mabati hana haja ya kuelezwa jinsi ya kuihifadhi. Lakini mimi ni mtumishi wa serikali hapa Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro; na kwa kuwa kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, watu wa hapa huniita Mwalimu hata leo, na huniletea maswali ya kila namna kana kwamba cheti changu kilifundisha mambo yote ya dunia. Katika muda wa miaka miwili nimeulizwa habari za divai na watu watatu, wala hapana hata mmoja wao aliye tajiri.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, muuguzi, mke wa askari wa kambi ya Makenke, Mbarara. Mume wake alikuwa amepangwa kwenda Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani, ambako askari wa Uganda walianza kupelekwa mwaka 2007. Wawili hawa walikuwa wamekaa miaka sita na kupata watoto wawili bila kufunga ndoa kanisani, kwa sababu ile ile iwacheleweshayo wengi, yaani gharama. Wakaagana kwamba akirudi salama watafunga. Siku chache kabla ya safari mume alinunua chupa tatu za divai nyekundu mjini Mbarara, akazileta kwa bodaboda, akamkabidhi mkewe: moja ya wazazi wa mke, moja ya wazazi wa mume, na moja yao wenyewe. "Nikizikuta hizi," akamwambia, "nitajua kuwa ulikuwa ukiningoja." Neno hilo lilisemwa kwa mzaha, lakini kila mke wa askari anajua jinsi mzaha wa siku ya kuagana unavyoweza kumkaa mtu moyoni. Jioni ile ile alikuja mlangoni pangu. "Mwalimu," akauliza, "vitu hivi vitafika mwaka mzima humu ndani?"

Katika nchi za Ulaya wenye divai huiweka katika ghala lililochimbwa chini ya nyumba. Humo joto hukaa kwenye nyuzi 12 au 14 za Selsiasi mwaka mzima, na mwanga haumo ila ule wa taa aingiayo nayo mtu. Sisi tukisikia hayo hushika neno moja tu, yaani baridi, tukakata tamaa papo hapo. Kumbe baridi ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba divai huzeeka kwa mabadiliko yanayopita polepole ndani ya chupa, na kwamba joto huyaharakisha mabadiliko hayo, kama liharakishavyo kila kitu jikoni. Lakini lililo baya zaidi ni joto lipandalo na kushuka kila siku. Divai ikipata moto hutanuka na kusukuma kizibo; ikipoa hunywea na kuvuta hewa kupitia pembeni mwa kizibo. Mchana inasukuma, usiku inavuta. Ikifanya hivyo siku mia tatu mfululizo, itakuwa imeingiza hewa ya kutosha kuiharibu, hata kama chupa haikufunguliwa kamwe. Mnunuzi akiona kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, au shingo ina utando wa kunata, ajue kwamba chupa hiyo imekwisha kupikwa mahali fulani njiani, airudishe kwenye rafu.

Sisi wa Nakivale tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu. Usiku twajifunika blanketi. Saa nane za mchana wakati wa kiangazi, chini ya bati lisilo na dari, hata paka hutoka nje. Basi shida yetu si kwamba nchi ni ya joto. Kwa hakika nchi ni ya wastani. Shida ni nyumba. Paa letu huchukua jua la mchana na kulimimina lote chumbani, kisha usiku huliachilia lote angani. Kwa hiyo aliye na divai hapa hana haja ya kutafuta baridi ya Ulaya, ambayo hataipata. Kazi yake ni kutafuta mahali ndani ya nyumba yake pasipojua kama ni mchana au usiku.

Mahali hapo tulipatafuta kwa samli. Kipimajoto sikuwa nacho, bali samli haikosekani katika nchi ya ng'ombe kama Ankole, nayo ina tabia ya kumfaa mwalimu: ikipoa huganda, ikipata joto hulainika, joto likizidi huwa mafuta. Tulitia kijiko kimoja kimoja katika vifuniko vya mikebe, tukaviweka kila pembe ya nyumba ya muuguzi yule: juu ya ukuta karibu na bati, juu ya kabati, kwenye rafu ya jikoni, chini ya kitanda kandokando ya ukuta wa magharibi, na chini ya kitanda kile kile upande wa ukuta wa kati unaotenga vyumba viwili. Tukaenda kazini. Saa nane tuliporudi kula, ile ya karibu na bati ilikuwa mafuta matupu, unaweza kuimimina. Ya juu ya kabati, mahali ambapo familia nyingi huweka chupa zao ili wageni wazione, ilikuwa mafuta pia, yenye punje chache. Ya jikoni ilikuwa imeyeyuka nusu na kuingia moshi. Ya ukuta wa magharibi ilikuwa ngumu saa nane, lakini jioni tulipoitazama tena ilikuwa imelainika, kwa sababu ukuta ule hupigwa na jua la alasiri na kulitoa ndani baada ya jua kuzama. Ile ya ukuta wa kati, juu ya sakafu, ilikuwa vile vile asubuhi, mchana na jioni. Watoto walizipaka zote kwenye mkate, na somo likaisha.

Hapo ndipo tulipoziweka zile chupa. Zilikuwa na vizibo vya gome, kwa hiyo zililazwa, maana kizibo cha gome kikikaa mbali na divai hukauka, hunywea na kupitisha hewa. Chupa yenye kifuniko cha kusokota haidai hayo, yaweza kusimama. Tulichukua mtungi mpana wa udongo uliopasuka mdomo, usiofaa tena kwa maji, tukatandika majani makavu ya mgomba, tukazilaza chupa tatu, kila moja imezungushiwa magazeti ya zamani (naomba mhariri asione vibaya), tukafunika kwa majani mengine na kipande cha ubao. Mwanga nao huiharibu divai, hasa ile nyeupe iliyo katika chupa angavu, na chini ya kitanda ndani ya mtungi mwanga haufiki. Tena kuna faida nyingine katika kuificha. Base Camp ni mji wa watu wa mataifa mengi, na majirani zetu Wasomali hawanywi kileo. Si ujirani mwema kusimamisha chupa dirishani wanapopita na watoto wao.

Katika miezi ya ukavu, Juni hadi Agosti, tena Januari na Februari, nilimshauri aloweshe gunia kila asubuhi, alikamue, aliviringishe nje ya mtungi. Maji yanapokauka huchukua joto, na hiyo ndiyo siri ya mtungi wa maji wa bibi zetu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza siri hiyo katika miaka ya 1990 kwa kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa na kujaza mchanga mbichi katikati, ili wakulima wa kaskazini ya nchi yake waweke nyanya na mboga zao zisioze upesi. Hewa ikiwa kavu njia hii hufanya kazi vizuri sana. Wakati wa mvua haifanyi kazi kubwa, lakini wakati wa mvua mabati nayo huwa yamepoa. Tahadhari ni moja: karatasi ya jina hubanduka kwa unyevu. Afadhali kuandika jina na mwaka kwenye kipande cha ubao na kukifunga shingoni kwa uzi.

Mtu wa pili alikuwa mzee mmoja Mkongo, ambaye nyumba yake ni ya udongo na sakafu ni ardhi tupu. Wengi huiona nyumba yake kuwa duni kuliko yangu ya saruji. Kwa divai ni bora mara mbili. Kuta za udongo ni nene, na sakafu yake yaweza kuchimbwa. Askari wasomao haya hawana haja ya maelezo marefu: kila aliyekaa handakini adhuhuri anajua kuwa ardhi haina habari na jua. Kina cha nusu mita kinatosha kukata karibu mabadiliko yote ya mchana na usiku. Nimewasikia wengine wakisema kwamba ukichimba zaidi utapata baridi kama ya Ulaya. Si kweli. Ardhi ya chini hushika wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo, na kwetu wastani huo ni nyuzi 20 na kidogo; uchimbe mita moja au tano, ni hapo hapo. Nyuzi 20 zisizobadilika si haba hata kidogo. Watu wa Georgia, kule Kaukasi, tangu zamani hutengeneza divai yao na kuiweka ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini hadi mdomoni, na mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Sikumwona mzee huyu akishangaa nilipomweleza. Alitabasamu tu, akasema kwao pia ndizi za kasiksi huzikwa.

Hapo ilinibidi nimkatize. "Mzee," nikamwambia, "shimo la ndizi si shimo la divai." Shimo la kuivishia ndizi hufanywa ili liwe na joto: hutandikwa majani, mara nyingi hutiwa moto au moshi, hufunikwa kabisa ili ndizi zipikane. Hilo ndilo hasa tunalolikimbia. Shimo la divai lichimbwe chini ya kitanda au pembeni mwa chumba, mbali na ukuta unaopigwa na mvua, litandikwe mchanga mkavu, lifunikwe kwa ubao mzito usioweza kuinuliwa na mtoto. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei litazamwe kila juma, maana maji yana njia zake. Nyoka pia.

Na yeye alikuwa na shida kubwa kuliko ya joto. Kasiksi, ambayo Ankole huitwa tonto, Rwanda urwagwa na Burundi urwarwa, ni kinywaji cha ndizi kinachochachushwa kwa mtama uliokaangwa. Ni kinywaji hai. Chachu yake haijafa wakati kinaponywewa, nayo inaendelea kula sukari na kutoa hewa. Mzee alitaka kukitia katika chupa za kioo na kuzikaza vifuniko ili kikae miezi mitatu, apate kukiuza wakati wa Krismasi kwa bei nzuri. Fedha hizo zilikuwa za karo ya mjukuu wake. Nilimweleza wazi kwamba chupa iliyokazwa kifuniko, ikiwa na chachu hai ndani, hupasuka, na vipande vya kioo haviulizi ni nani aliyelala karibu. Chini ya kitanda chake walilala wajukuu wawili kwenye mkeka. Kasiksi ni ya siku chache. Inywewe au iuzwe wakati ule ule. Ghala lo lote, hata la mfalme, haliwezi kuipa umri usio wake. Hakufurahi, akanyamaza kwa muda. Baadaye alianza kupika kidogo kidogo kila juma badala ya nyingi mara moja, na fedha akaziweka katika chama cha akiba, mahali pa kuziwekea hasa.

Nimwongezee msomaji neno juu ya vyombo, kwa sababu makosa yake huumiza watu. Divai na kasiksi zina ukali unaokula madini. Zisiwekwe katika ndoo ya bati wala pipa lililopakwa zinki, maana ukali ule huitoa zinki ikaingia kinywajini. Jerikeni iliyobeba mafuta ya taa haitakati kamwe. Na jerikeni mpya nayo hupitisha hewa kidogo kidogo. Ni chombo cha kusafirishia, si cha kuhifadhia.

Sasa nieleze habari ya muda, kwa kuwa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Ipo hadithi kwamba divai yo yote huwa bora ikizeeka. Ni chache mno zilizo hivyo, tena ni za bei kubwa. Divai nyingi tunazozipata Mbarara, zitokazo Afrika Kusini, na zile za Dodoma, ambako wamisionari walipanda mizabibu katika miaka ya 1950 na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, zimetengenezwa zinywewe mapema, katika mwaka mmoja au miwili. Nyekundu huvumilia kuliko nyeupe. Ile ya boksi la karatasi isingojewe kabisa. Maoni yangu ni kwamba aliye na sherehe mwezi wa Desemba anunue divai Novemba, aachie duka hasara ya kuiweka. Kuhifadhi ni kwa yule mwenye sababu, na jirani yangu alikuwa nayo.

Mume wake alirudi baada ya miezi kumi na minne, mwembamba, na sikio moja halisikii vizuri. Ndoa ilifungwa. Chupa mbili zilifunguliwa mbele ya wazazi, na mkwe mmoja aliyewahi kufanya kazi hotelini alisema ni njema kana kwamba zimetoka dukani jana. Ya tatu ilikuwa na kisa chake. Krismasi ya mwaka ule mama alikuwa ameitoa mtunguni, akaisimamisha juu ya kabati karibu na picha ya mumewe, kwa sababu, alisema, nyumba ilikuwa kimya mno. Ikakaa hapo hadi Pasaka, miezi yote ya jua kali. Kizibo chake kilikuwa kimechomoza, na divai imegeuka rangi kuelekea ya matofali. Hiyo ndiyo iliyokuwa yao wenyewe. Waliinywa usiku watoto walipolala, na kesho yake aliniambia ilikuwa na ladha ya zabibu zilizopikwa, na kwamba hawakuacha hata tone.

Wa tatu kuniuliza alikuwa katekista, na swali lake ndilo lililokuwa la haki kuliko yote. Kanisani kwake padre hafiki kila Jumapili. Chupa ya divai ya misa ikifunguliwa, hutumika vijiko vichache, kisha hungoja. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka divai ya misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kwa hiyo kwake kuharibika kwa chupa si suala la ladha. Padre akikuta siki hapana misa, na watu wametembea kutoka Juru kwa miguu.

Adui wa chupa iliyofunguliwa ni hewa. Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba divai huugua kwa sababu ya vijidudu, na vile viletavyo siki haviwezi kazi yao bila hewa. Basi dawa ni kuinyima. Nilimwambia atafute vichupa vidogo vya kioo vyenye vifuniko vya kusokota, avichemshe, avianike kwa kuviinamisha. Na siku chupa kubwa inapofunguliwa, papo hapo aimimine yote katika vichupa hivyo hadi shingoni kabisa, avikaze, avitie ndani ya mtungi. Kila misa hufunguliwa kichupa kimoja, navyo vingine havijui kilichotokea. Asingoje jioni, wala asigawe ile iliyokaa nusu chupa juma zima, kwa kuwa hiyo imekwisha kuvuta hewa yake. Kwa njia hiyo divai hukaa majuma kadhaa. Mwenye friji yenye umeme wa hakika ataweka hata chupa iliyobaki nusu, siku tatu hadi tano. Lakini friji ya umeme unaokatika kila siku huipasha na kuipoza divai kama bati lile lile.

Na ile iliyokwisha kuharibika isimwagwe, mradi ni ya zabibu na imechacha tu bila kuoza. Itie katika chungu chenye mdomo mpana, uongeze maji kidogo, ufunike kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa uzi ili nzi wadogo wasiingie lakini hewa ipite, ukiweke pembeni jikoni, mbali kabisa na divai nzima. Baada ya majuma kadhaa utakuta siki kali, yenye harufu nzuri kuliko ile ya dukani. Katekista huitumia kwa vitunguu vilivyokatwa vyembamba na kabichi, akaila na viazi. Na nyama ya mbuzi mzee ikilala ndani yake usiku mmoja pamoja na tangawizi, huiva kwa kuni nusu.